Kistari Mwisho wa Mstari

Miaka thelathini na minane Gracjan alikata maneno.
Kiwandani kwa chapa, ng'ambo ya mto Brda,
herufi za risasi vidoleni, lenzi jichoni,
neno refu lilipofika ukingoni
yeye ndiye aliyeamua livunjwe wapi
lisitoke damu.
Bez-względny, aliniambia siku za uchumba:
konsonanti tano zimebanana kama watu mlangoni,
lazima ujue nani aingie, nani abaki nje.
Nilicheka. Nilidhani ananitongoza.
Na kweli alikuwa ananitongoza.

Sasa anakaa dirishani, nusu ya mdomo imelala.
Kiharusi kilimkuta akimenya viazi, mwezi wa pili,
na maneno yote yakamwagika
kama kasha la herufi lililoponyoka ngazini.

Jumanne na Ijumaa huja Jagna, mtaalamu wa matamshi,
binti wa Grudziądz mwenye viatu vya njano.
Hugonga meza kwa kidole: kila irabu, pigo moja.
Ameweka mezani sarafu ya groszi hamsini.
Pięć-dzie-się-cio-gro-szów-ka.
Silabi saba kwa nusu ya złoty!
Na mkate mzima, chleb, hauna ila moja.

Mkazo, asema Jagna, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho.
Neno lirefuke litakavyo,
ukilibandika mkia, mkazo husogea kiti kimoja
bila kunung'unika.
Gracjan anagonga. Sita nyepesi, na moja nzito, pale kwenye szów.
Sauti haitoki.
Kidole, lakini, hakijasahau kazi.

Juzi walichambua neno lililo kwenye mlango wa transfoma,
najniebezpieczniejszy,
kipande kwa kipande, kama mtu anayechambua samaki:
naj, kupita yote. Nie, si. Bez, bila.
Piecz, lile neno la kale la kuhangaikia kitu.
Basi hatari kuu kwetu
ni kule kupita wote kwa kutokuwa bila mahangaiko.
Watu gani sisi, niliwaza nikisuuza vikombe,
tumeijenga amani kwa kukana wasiwasi,
kisha hatari kwa kuikana amani.
Mzizi wenyewe ni mahangaiko tu.
Nikavunja kikombe kimoja. Hakuna aliyegeuka.

Mwezi wa nne mtangazaji wa redio akasema muZYka.
Gracjan akapiga meza ngumi, chai ikaruka:
MU!
Sauti yake ya kwanza kamili katika wiki tisa,
na ilikuwa ya kumkosoa mtu.
Maneno ya Kigiriki, alizoea kusema,
ni wageni, wana viti vyao; usiwahamishe.
Nililia. Jagna aliandika kwenye daftari: MU, mkazo sahihi.

Kisha vitenzi. Wró-CI-li-by-śmy. Tungerudi.
Hapa mkazo hausogei, hata mkia ukiwa mrefu vipi.
Umeng'ang'ania kule kurudi kwenyewe;
ile nge, na sisi wenyewe,
tunafuata nyuma bila uzito.
Nilitaka kuuliza: tungerudi wapi?
Nikaenda kuanua nguo.

Kuna neno alilokuwa akilionea huruma kuliko yote: z.
Maana yake ni pamoja na. Halina irabu, halina silabi,
huwezi kuligongea meza.
Wapanga chapa huliita yatima likiachwa peke yake mwisho wa mstari,
naye hakuliacha hata mara moja;
alilivusha chini, likamwegemee jirani.

Jana usiku, taa imezimwa,
alinigonga kifundo cha mkono.
Pigo zito, pigo jepesi.
TO-bą.
Wewe.
Sikuuliza z iko wapi.
Nilisogea ukutani, nikaiachia nafasi.