Fundo

Gwanda hili nimelishona mwenyewe,
marekani nzito ya Barabara ya Biashara,
mishono miwili kwapani, mitatu penye msamba,
kwa kuwa la dukani bei yake
ni kodi ya nusu mwezi.
Miaka ishirini na miwili nashona mabuibui ya wenzangu,
hakuna uzi usionijua.
Lakini mkanda huu mweupe, wa pima moja na nusu,
ulinishinda.
Kulia juu ya kushoto, chini, pita, vuta,
nikitazama, nimefunga mbuzi.

Aliyeniokoa ni Zamzam. Ana miaka tisa
na mkanda wa rangi ya chungwa.
Akapiga magoti mbele yangu
kama nipigavyo mimi nikipima upindo wa bibi harusi.
"Vuta tumbo, shangazi."

Ukumbi ni wa shule, Tononoka,
Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri.
Viti vimebebanishwa ukutani,
ubaoni hesabu za sehemu hazijafutwa,
na kwenye nondo za dirisha, kunguru,
wamejipanga kama waliolipa kiingilio.

Nilikuja na maswali kama mwenye kwenda kuposa.
Mwalimu, ngumi nitajifunza lini?
Nyayo zikichubuka, mtu hutia nini?
Kuinama huku, mwalimu, si rukuu?
Mwalimu Shee hakucheka.
Akaweka mkono kifuani, akashusha kichwa kidogo,
vile tunavyomsalimu jirani aliye ng'ambo ya barabara.
"Hivi yatosha."
Swali la ngumi hakulijibu.
Akaniambia nisimame.

Kusimama!
Mimi niliyedhani nimesimama tangu mwaka wangu wa kwanza.
Goti la mbele likunje, la nyuma lisilale,
mabega yashushe, yashushe, yashushe, Mishi,
hayo si ya kutundikia nguo.
Kweli, yalikuwa yamepanda hadi masikioni,
yamekaa huko miaka, juu ya cherehani,
na hapana aliyewahi kuyaita.

Mkala wa tuktuk tulianza naye siku moja.
Yeye aliuliza kama mtu aweza kuvunja tofali.
Wiki ya tatu hakuja.
Natamani kumwambia kuwa tofali sijaliona bado,
ila ngazi za kwetu, ghorofa ya nne,
nilizishuka kinyumenyume siku mbili
kwa maumivu ya mapaja.

Lililonishinda hasa ni ukelele.
Piga, achia pumzi, sauti itoke chini ya kitovu.
Watoto walitoa, mabati yakaitikia.
Mimi nikatoa kitu kidogo, cha adabu,
kama muulizaji wa bei ya vifungo.
"Nani amekushika koo?" Zamzam akauliza,
kwa kutaka kujua tu.
Nikakosa la kumjibu,
maana orodha ni ndefu, na wengine ni marehemu,
na walinipenda.
Sauti ya mwana wa kike haivuki kizingiti:
nimelelewa Kibokoni, vizingiti viko karibu karibu,
nikajifunza kucheka kwa pua
na kulia kwa cherehani.

Nikaifanyia mazoezi.
Jikoni, blenda ikinguruma.
Dukani, pikipiki ikipita.
Mume wangu akaja mbio, kiatu mkononi:
"Yuko wapi huyo mende?"

Alhamisi moja, mwezi wa tatu,
sikuwa nawaza karate hata kidogo.
Nilikuwa nawaza mteja wa Bondeni,
vifungo kumi na viwili vya kufunikwa kwa mkono,
amelipa nusu na kuniita mwizi.
Mguu ukaenda. Ngumi ikafuata.
Na kitu kikatoka.
Sikukijua kuwa ni changu
hadi nilipoona watoto wote wamenigeukia
na nondoni hakuna kunguru hata mmoja.

Mwalimu Shee akanitazama kiunoni.
"Vizuri," akasema. "Sasa funga mkanda."
Ulikuwa umelala sakafuni, umenyooka.
Nikauokota. Kulia juu ya kushoto, chini, pita...
Zamzam akaanza kuja.
Nikamwinulia kiganja:
ngoja.