Herufi Isiyokuwemo

Brno, Januari. Juu ya meza ya jikoni
chipu ndogo kama ukucha, nyaya tatu,
spika iliyong'olewa kwenye redio kuukuu.
Květa, aliyeachwa na madaktari bila koo la kusemea,
anabonyeza vitufe.
Biti zinapita moja moja, foleni isiyosukumana.

Kwanza msimbo wa toni: shusha.
Kisha wa kasi: punguza, sikuwahi kuongea mbio.
Kisha jina la mume.

"Ondrei," yasema chipu.
Chumba cha pili, kicheko: "Nani huyo?"

Walioiunda hawakuijua ř,
r inayotetemeka huku ikipuliza.
Watoto wa hapa huipata wakitimiza miaka sita,
siku hiyo hununuliwa keki.

Basi anaichonga:
r, milisekunde ishirini,
zh juu yake kabla haijapoa,
kituo. Tuma.
Yakwama. Yakoroma. Chai imeshaganda utando.
Mara ya arobaini na moja
spika yatema kitu kibovu, chenye kutu,
chenye ulimi.

Gazeti laanguka kule.
"Ee, Květo?"

Anakitazama kioo, mshale ukipepesa.
Sentensi ya pili
hakuwa ameiandaa.