Nukta Pacha

Nyumba ya Mwalimu Evarist Lusangija
imebanwa na majabali mawili, juu kabisa Mabatini.
Ukifika mlangoni umeshasimama mara tatu kuhema
na ziwa limebaki chini huko, jeupe, halina habari nawe.
Hakuna kibao. Kuna chaki: KUMBUKUMBU. PIGA HODI.

Nyanzobe, bintiye, anaifuta meza kwa kiwiko.
"Elfu mbili ya luku," anasema. "Siyo kiingilio."
Kwenye daftari la wageni, kabla yangu, mwezi Juni:
mafundi bomba wawili, walioomba maji ya kunywa.

Karani wa pamba hakuwa na hela ya karatasi.
Akatungia nyuma ya stakabadhi.
Upande huu: Nkwabi, kilo thelathini na nane, daraja la pili.
Geuza: Utuhurumie, sauti nne.
"Mwaka wa mavuno mazuri," anasema Nyanzobe,
"misa zilikuwa ndefu."

Kinanda kipo, mivukuto imetobolewa na panya.
Anakikanyaga hivyo hivyo, nisikie.
So imekufa. Kila zamu yake ikifika
anaiimba mwenyewe, bila kunitazama.

Mimi nimefuata wimbo mmoja, ule wa matoleo,
unaokatika ghafla kabla ya neno *shamba*.
Kwayani kwetu tumebishana miaka:
besi wanasema ni unyenyekevu,
paroko alisema ni fumbo, akaishia hapo.

Umo katika kopo la biskuti, unanuka nafta.
Nota hizi hazina alama ya kimya.
Kimya ni nukta pacha, halafu patupu.
Na juu ya patupu, kwa penseli, mwandiko wa kulala:
*Hapa Veneranda avute pumzi.*

Veneranda ni mama.
Sauti ya pili, safu ya nyuma, pumu tangu utotoni.
Hakunisimulia. Labda hakujua,
alidhani tu kwamba kuna wimbo mmoja duniani usiomchosha.

Na sasa parokia nzima, vifua vizima,
wazee, watoto wa komunyo ya kwanza,
wananyamaza wote hapo, wanamngoja.

Nyanzobe anauliza kama nimekipata nilichotaka.
Naandika jina, tarehe, ninakotoka.
Penye *Maoni* natia nukta, na nyingine chini yake,
halafu naacha.

Nimeshashuka hadi jabali la pili
ananikimbilia, mkono kifuani, maneno hayatoki.
Nasimama. Namngoja.
"Dada," anasema mwishowe. "Ile elfu mbili."