Muhtasari kwa Chaki

Kurasa themanini na nne, zimefungwa kwa waya mweusi.
Jaladani yuko mtoto anayecheka chini ya bomba.
Nilimpiga picha mwenyewe, asubuhi ile
maji yalipofunguliwa kwa ajili ya kamera,
saa nne hadi saa nne na nusu.

Matokeo niliyasoma Nyali, ukumbi wa hoteli,
baridi ya mashine ikinijutisha kuacha mtandio.
Ukutani mduara umekatwa kama chapati:
kijani kingi, nyekundu ukucha tu.

Rasimu ya kwanza niliandika: mabomba saba yamekufa.
Ikarudi. Andika, hayafanyi kazi.
Ikarudi tena. Yana changamoto za kiutendaji.
Mara ya tatu sikungoja kuambiwa,
nikaandika mwenyewe: fursa ya kuboresha.
Nakiri. Mkono wangu ulijifunza adabu isiyo yake.

Wakapiga makofi. Bwana Mwakio wa kaunti
akauliza kama chai iko tayari.

Jumanne nikaenda Ziwa la Ng'ombe,
nakala tano mkobani.
Mejumaa, mshika ufunguo wa bomba la nne,
akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito
kama anunuaye unga asiiamini mizani.
"Mwanangu, hii ni yetu?"
Ni yenu.
"Mbona basi haisemi nasi?"

Nikafungua ukurasa wa thelathini na moja, nikaanza kufasiri.
Nilipofika kwenye fursa, ulimi ukakwama.
Kadzo, mtoto mgongoni, ndoo tupu miguuni,
akanihurumia: "Sema tu yamekufa.
Matanga tulishakaa."

Saba, nikasema. Yamekufa saba.
Kwa nini? Pampu ilinunuliwa ndogo.
Nani alijua? Aliyenunua.
Miaka tisa ya kazi hii,
sijawahi kutoa matokeo kwa sentensi fupi vile.

Chengo, msukuma mkokoteni wa madumu, akapaza sauti:
"Na mimi nimo ukurasa gani?
Miaka miwili nawanywesha hawa!"
Nikapekua. Hakuwemo.
Hata kwenye viambatisho hakuwemo.

Mejumaa akamwomba mtoto wa madrasa kipande cha chaki,
akaliendea bati la bomba la nne,
akahesabu kwa vidole, akafuta neno, akalirudisha:

*Kumi na mbili mabomba, saba hayatoi maji,*
*mwaka wa pili twaomba, fundi haujui mji,*
*mkokoteni watamba, kila ndoo ni mtaji,*
*haya ndiyo, sikupamba, na jibu twalihitaji.*

Chengo alicheka kwanza. Kisha akasoma tena,
asicheke.

Wiki iliyofuata Bwana Mwakio alipita na gari,
likasimama, likarudi nyuma kidogo.
Alisoma midomo ikichezacheza, mara mbili,
akapiga picha, akanipigia simu:
"Muhtasari huu nani kauandika?"
Wenyewe, nikamwambia.
Akanyamaza. Sikusikia habari ya chai.

Bomba la nne, ninapoandika haya, bado kavu.
Mvua ya Ijumaa iliufuta mstari wa pili.
Mejumaa ameuandika upya,
safari hii kwa rangi ya mafuta,
na chini yake ameacha nafasi,
pana, nyeupe,
ya jibu.