Kengele ya Bi Somoe

Simu ile niliizoea kama jino bovu:
saa nane usiku, presha ya bomba imeshuka,
amka Mnyambe, vaa buti, gari liko mlangoni.
Mshahara wa tarakimu saba.
Nywele zikaanza kunyonyoka.

Sasa niko Newala, nyuma ya soko.
Spoku, gundi, beseni la maji meusi
(huku maji ni ghali, siyamwagi ovyo).
Nazamisha mpira, nangoja povu
liniambie panapouma.
Presha bado naijua,
ila hii naijaza kwa mkono.

Shemeji alipita jana na shati la pasi.
"Injinia mzima!"
Akaziangalia kucha zangu.
Nilikuwa nakaza cheni, sikumjibu.

Hesabu ninazo. Ada ya Nasma nimelipa nusu,
nyama tumeisahau tangu msimu wa korosho,
na mke wangu huzipanga sarafu mezani mara mbili,
huenda zikaongezeka.

Leo Bi Somoe kaifuata baiskeli yake.
Akaminya breki, akapiga kengele
bila kumwita mtu,
akanipa mia tano na mihogo miwili.
Ukungu ukammeza pale kwenye kona.
Kengele ikaendelea.