Mgonjwa Asiye na Betri

Simu ikiletwa imezima, siifungui kwanza.
Nauliza: ilianguka? Ililala wapi?
Ilikunywa maji ya mvua au ya chooni?
Watu humdanganya fundi kuliko wanavyomdanganya padri.

Kwa hiyo Mama Kyakimwa aliponiita uani,
mwenye nyumba wangu, kodi yake imechelewa siku kumi na moja,
akanionyesha mwaridi wake, majani yamejikunja
kama sambusa za mtu mwenye haraka,
nilishika kidevu, nikamwuliza kama mteja:
Ilianza lini?

"Ni moshi ya volkano," akasema,
akaelekeza mdomo upande wa mlima.
"Majani inakunywa ile mvua, inaumwa."

Inawezekana. Jivu likishuka hapa Goma,
hata shuka nyeupe huomba radhi kambani.
Lakini maharage ya Bauma, hatua tano tu,
yamesimama kama masikio ya mbuzi anayesikiliza,
na moshi haujui mipaka ya parseli.

Basi maji? Nikatia kidole udongoni.
Udongo huu haukuzaliwa hapa. Chini ni lava tupu,
jiwe jeusi linalokata kandambili.
Mama alinunua magunia manne ya Rutshuru,
yakaja kwa chukudu, akayamwaga ndani ya duara la mawe
kama anayemtandikia mgeni kitanda.
Unyevu ulikuwepo. Haukuzidi. Mizizi haikunuka.

Bauma akapita na bidoni zake, akahukumu bila kusimama:
"Kuna mutu aliangalia ile maua na jicho mubaya."

Nikaleta kioo changu cha kazi,
kile ninachosomea njia za shaba nyembamba kuliko unywele,
nikaligeuza jani.
Mgongo wake kila mtu anauangalia.
Tumbo lake, hakuna.

Walikuwa pale. Vidukari, kijani juu ya kijani,
wamechomeka mirija, vichwa chini, wananyonya.
Jani lilijikunja kwa maumivu,
nao wakaufanya mkunjo ule kuwa nyumba.
Na sisimizi! Wanawapapasa migongo, wanalamba tone tamu,
wanarudi kwa mstari.

Nikaufuata mstari.
Shinani hakuna hata mmoja.
Wanapita juu.
Juu ya waya.
Waya wangu,
ule mweusi niliouvuta mwezi wa tatu
kutoka mita ya Mama hadi mezani kwangu,
nikaufunga kwenye mwaridi, fundo moja,
kwa muda tu.

"Umeona nini?"
"Wadudu," nikasema. Ilikuwa nusu ya kweli.
Bauma alikuwa ameshafika mbali na bidoni zake.
Nikasema nusu iliyobaki.

Hakucheka, hakukasirika.
"Waya ni waya," akasema. "Kodi ni kodi."

Nikalifungua fundo. Nikapigilia msumari ukutani,
nikapaka grisi pale waya unapogusa mawe.
Kipande cha sabuni katika maji vuguvugu,
kidogo, yasichome;
mswaki laini ninaosafishia kutu ya chaji;
jani kwa jani, tumbo kwa tumbo,
jioni, jua likishapoa.
Yaliyozidiwa niliyakata, nikayatia jikoni, makaani.
Siku ya tatu, tena.
Siku ya sita, tena, mgongo unaniuma.

Majani ya zamani hayakunyooka.
Nilimwambia Mama asiyasubiri:
kioo kilichopasuka hakijiungi chenyewe.
Aangalie kule juu, penye chipukizi
jekundu kama ulimi wa mtoto mchanga.

Leo asubuhi limefunguka jani moja, bapa,
limeshika tone la maji halijui lilimwage wapi.
Mama amefika na kitenge chake begani.
Ameliangalia. Ameligeuza,
akaliangalia tumbo, muda mrefu.

Kisha ameniuliza habari ya kodi.