Doa

Ilikuwa na jina, kwenye kibao cha shaba
kabla kibao hakijaibwa: Mlango wa Tatu.
Wa kwanza hakuna aliyeujua.
Wa pili, walisema, uko Duluth, nyuma ya benki.
Hatukwenda kuuona.

Nguzo mbili za chuma na kizingiti juu,
tani sita, wazi mbele, wazi nyuma,
kati ya maktaba na jengo la kemia.
Mlango usio na nyumba:
ukibisha hodi, nani aseme karibu?
Wanafunzi waliiita Goli.

Darlene Vondracek alikuwa na miaka ishirini na miwili,
wiki yake ya pili kazini, kreni ilipoiteremsha.
Aliyeiunda alivaa kofia ya sufu mwezi wa Julai.
Akamwambia: usiipake rangi, usiisugue.
Kutu ndiyo koti lake.
Ikishiba, itatulia.

Haikushiba.
Miaka arobaini na mmoja ilikula mvua,
ilikula theluji, na chumvi tunayomwaga njiani Januari,
na kila barafu ilipoyeyuka
ikatema maji ya rangi ya chai iliyokolea
juu ya zege. Darlene akipiga magoti
na brashi ya waya, na ndoo ya siki,
akitukana kwa Kicheki cha bibi yake,
maneno manne tu yaliyombakia.

Mimi nilikuwa naendesha mashine ya nyasi.
Nimeona mengi pale. Nitasema moja.
Mwaka mahindi yaliposhuka bei
kijana wa kemia, Merritt Oleson,
alipigiwa simu na mama yake: shamba limepigwa mnada,
na trekta, na hata mizani ya kupimia nguruwe.
Akaja akasimama chini ya kizingiti
tangu saa ya chakula cha jioni hadi taa za njia zilipozimika.
Hakuingia, hakutoka.
Darlene alimletea koti. Hakumwuliza kitu.

Kisha ufa kwenye maungio,
kisha watu wa bima, kisha bodi,
kura tisa kwa mbili.
Jumanne moja ya Machi lori likaiondoa,
imelazwa chali, imefungwa minyororo
kama ng'ombe aliyevunjika mguu.
Sijui ilipelekwa wapi. Niliuliza mara moja.

Ikabaki miraba miwili ya kahawia
na ulimi mrefu wa kutu ukishuka hadi mferejini.
Ofisi ikaandika: doa litolewe
kabla ya siku ya wazazi.

Darlene akaja na ndoo yake,
akapiga magoti, akachovya brashi.
Kengele ya saa nne ikalia,
milango ya kweli ikafunguka huku na huku,
wanafunzi wakamwagika.
Uwanja wote ule mtupu, upana wa kugeuza basi,
nao wakapita katikati ya miraba,
mmoja mmoja, wawili wawili, wakipishana.
Msichana mmoja, mgeni wa mwaka huu,
asiyewahi kuiona ikisimama,
macho kwenye simu,
alipofika pale akapunguza mwendo
kama mtu anayeingia kwa watu.

Darlene akanitazama.
Nami nikazima mashine.
Akainuka, goti moja, halafu lile bovu,
akaichukua ndoo
na siki yote akaimwagia magugu
ya ukutani mwa maktaba.